Kuziba na kupoza dari ya nyumba ya bati kwa povu: ninavyofanya Mtwara

Ukitaka kujua kwa nini watu wa Mtwara wanahamia barazani mwezi wa Novemba, panda darini saa saba mchana. Dakika mbili zinatosha. Bati lililochakaa linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi kwa jua hilo, na joto lake halisubiri kuletwa na upepo. Linashuka lenyewe, kama joto la jiko la mkaa linalokupiga usoni hata ukikaa hatua mbili nyuma. Dari inalipokea, inapata joto, kisha inaanza kukumwagia wewe uliyelala chini. Ndiyo maana saa nne usiku nje kumeshapoa na kwako bado unajipepea na kanga.

Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu tarehe 20 Oktoba, na tena karibu tarehe 21 Februari. Kati ya hapo hakuna nafuu. Kazi hii ifanye Agosti au Septemba, mbao zikiwa zimekauka na mvua za Desemba zikiwa bado mbali. Wengi huja kwangu pesa za korosho zikishaingia, na mvua nayo imeshaingia.

Mimi ni fundi wa dari. Nilianza na silingi bodi, nikaenda jipsamu, na sasa nafanya na povu, kemikali inayotoka laini, ikavimba na kuganda kuwa kizuia joto: lile la kopo na lile la mashine.

Kwanza amua mstari wako

Nyumba inataka mstari mmoja tu unaotenga joto na watu. Unaweza kuupitisha kwenye bati: unapuliza povu chini ya bati lote, unaziba pembeni, na darini panakuwa sehemu ya ndani ya nyumba. Au unaupitisha kwenye dari: unaziba kila ufa wa dari, na huko juu unapaacha pawe nje, papitishe upepo.

Kinachoharibu pesa za watu ni nusu kwa nusu. Mtu anapuliza povu chini ya bati, halafu anaacha matundu ya kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, wazi kwa sababu kaambiwa nyumba lazima ipumue. Upepo wa moto unaingia chini ya povu na kutembea darini kama kawaida. Mwingine anaziba matundu hayohayo wakati bati halina kitu na dari haina kitu. Huyo amejenga tanuri la mikate.

Kama nyumba haina AC, pitisha mstari kwenye dari. Ziba nyufa kwa povu la kopo, weka foili, ile karatasi ya chuma inayong'aa, chini ya bati, acha upepo upite darini. Kama ina AC, au ni duka au stoo isiyo na dari kabisa, pitisha mstari kwenye bati na uite mashine. Wenye stoo za korosho wanafaidika mara mbili, kwa sababu bati lenye povu halitoi jasho alfajiri likadondokea magunia.

Na kabla ya yote hayo, kwangua kutu na ulipake bati rangi nyeupe. Rangi nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto, na kopo la rangi ni rahisi kuliko povu. Hapo mimi sipati kitu, lakini ndiyo kweli.

Hatua ya 1: panda ukague

Panda asubuhi, umeme ukiwa umezimwa kwenye meni swichi. Kanyaga kenchi tu, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Weka ubao wa kukatiza kenchi mbili na utembee juu yake. Jipsamu haimbebi hata mtoto.

Ukaguzi una awamu mbili. Ya kwanza ni hiyo asubuhi: zima tochi, kaa kimya, ngoja macho yazoee giza. Utaona nyota. Kila nyota ni tundu la msumari kwenye bati. Zungushia chaki kwenye papi iliyo karibu, ule ubao unaopigiliwa bati. Ya pili ni usiku, na hii mafundi wengi hawaifanyi. Mwambie mtu awashe taa za vyumba vyote, wewe kaa darini gizani. Mwanga unaopanda ndio njia ya hewa: kuzunguka taa, kandokando ya mkanda wa jipsamu, bomba la maji linapopenya, pembeni ya mlango wa darini, na pale ukuta wa ndani ulipoishia bila kufika kwenye dari. Nyumba ya vyumba vitatu niliyoikagua Chikongola ilikuwa na mwanga mrefu kama rula juu ya ukuta wa choo. Mwenye nyumba alikuwa anailaumu AC.

Panapovuja pote patibiwe sasa. Povu haliponyi bati linalovuja, linalificha. Maji yatasafiri chini yake mpaka kwenye mbao, na utakuja kuyajua kenchi ikiwa imeoza. Ng'oa misumari iliyolika na chumvi ya bahari, weka skurubu zenye mpira. Choma mbao kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, badilisha. Mchwa hawali povu, lakini wanalipenda kwa kupitisha njia zao humo bila kuonekana.

Kama utapuliza povu kwenye bati, angalia pia mikanda ya chuma inayofunga kenchi kwenye ukuta, maana hutaiona tena. Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kilitua ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji. Na Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Usifunike paa ambalo hujui limeshikwa na nini.

Hatua ya 2: wapangaji wa darini

Mwaka wangu wa kwanza wa povu nilizibia mama mmoja wa Mikindani. Kazi nzuri, nyufa zote zimekaa, nikaondoka najipongeza. Siku ya tatu akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uchukue popo wako."

Nilikuwa nimeziba mchana, popo wakiwa wamelala humohumo. Usiku hawakupata njia ya kutoka, wakashuka kupitia tundu la taa sebuleni. Wengine walifia juu. Nilikata nusu ya povu langu bila malipo, na chai sikupewa.

Kwa hiyo: jua likizama, kaa nje utazame wanatokea wapi. Mtwara wanaanza kutoka karibu saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja. Kwenye njia yao ning'iniza kipande cha wavu kilichofungwa juu tu, chini kikiachia. Popo anayetoka anateremka nacho, anayerudi hapati mlango. Acha hivyo siku nne au tano, kisha ndiyo uzibe. Wakati wa mvua kuna watoto wasioruka. Usizibe kipindi hicho.

Mavi yao yanyunyizie maji kabla ya kufagia na uvae barakoa. Vumbi lake linaweza kubeba ukungu (fangasi) unaoingia kwenye mapafu. Panya nao hawazuiwi na povu peke yake. Wanalitafuna kama mkate. Sokomeza wavu wa chuma au chuma cha kusugulia sufuria ndani ya tundu, kisha povu juu.

Hatua ya 3: umeme

Hapa sina utani. Kule Australia, mwaka 2009 na 2010, serikali iligharamia kuweka vizuia joto kwenye dari za nyumba nyingi kwa haraka. Vijana wanne walikufa wakiwa kazini: watatu kwa umeme, mmoja kwa joto la darini. Miongoni mwao wapo waliokuwa wakibana foili kwa pini za chuma. Foili inapitisha umeme. Pini moja ikitoboa waya, foili yote inakuwa waya.

Muite fundi umeme kwanza. Maungio yote yaingie kwenye maboksi yenye vifuniko, na boksi lenyewe usilijaze povu. Taa zilizozama kwenye dari ziachie nafasi ya kama sentimita 8 kila upande, isipokuwa zimeandikwa kwamba zinaruhusiwa kufunikwa. Na wewe mwenyewe ushuke saa nne asubuhi. Yule wa nne wa Australia hakuuawa na waya.

Hatua ya 4: povu la kopo kwenye nyufa

Kopo la mililita 750 kwenye lebo huahidi lita 30 hadi 45 za povu. Ukiwa unajifunza utapata pungufu. Piga hesabu hivi: ufa wa upana wa sentimita 2 na kina cha sentimita 5 unakula lita moja kwa kila mita.

Kopo linataka nyuzi 20 hadi 25. Lililoshinda kwenye buti la gari linatema majimaji yanayodondoka badala ya kusimama, kwa hiyo nalitumbukiza kwanza kwenye ndoo ya maji kivulini, robo saa. Futa vumbi la ufa kwa brashi, kisha pulizia maji kwa chupa ya kunyunyizia, manyunyu tu. Povu la kopo linakauka kwa kunywa unyevu. Kiungo kikavu chenye vumbi hakilishiki.

Tikisa kopo nusu dakika, ligeuze kichwa chini, anzia ndani ya ufa ukija nje. Jaza theluthi moja, basi, uliache. Mikono inawasha kuongeza, najua. Nusu saa baadaye limejaa lenyewe na linachungulia nje. Ukijaza ufa wote mwanzoni, povu litasukuma jipsamu mpaka skurubu zitoboe karatasi.

Ufa unaozidi sentimita 5, kama ule wa kati ya ukuta na mawimbi ya bati, usiujaze kwa povu tupu. Weka kwanza kipande cha tofali au ubao, malizia na povu pembeni. Na nyufa nyembamba kama unywele si kazi ya povu, hizo tia silikoni au akriliki inayopakika rangi.

Vaa glavu, miwani na barakoa. Fungua madirisha na mlango wa darini. Gesi inayosukuma povu la kopo inawaka, kwa hiyo jiko, sigara na kuchomelea mbali. Likikugusa bichi, asetoni kwenye kitambaa italitoa kwenye chuma au nguo. Likikaukia kwenye ngozi, subiri ngozi ibadilike. Mimi nimewahi kwenda harusini Masasi na vidole vya njano.

Siku ya pili kata lililozidi kwa kisu cha meno, liwe sawa na ukuta, ulifunike kwa plasta au rangi. Jua likilipata wazi, linageuka kahawia na kupukutika unga.

Mlango wa darini usisahaulike. Bandika mkanda wa sponji kuzunguka fremu na ugundishe kizuia joto mgongoni mwake.

Hatua ya 5: foili, kwa wasio na AC

Foili inafanya kazi kwa sababu uso unaong'aa hautoi joto kirahisi. Lakini inataka hewa mbele yake, angalau sentimita 2.5. Ikigusana na dari, au na bati, inabaki kuwa chuma tu kama chuma kingine.

Ibane chini ya mbao za kenchi zinazofuata mteremko wa paa, uso unaong'aa ukitazama chini. Watu wengi wanauelekeza juu kwa kuona kama kioo cha kurudisha jua. Baada ya kusi mbili tatu una vumbi na haufanyi kitu. Unaotazama chini unabaki safi. Acha nafasi ya kiganja juu kwenye kofia, yaani kilele cha paa, na chini karibu na fishabodi ili hewa ya moto ipande na kutoka, na kwenye matundu ya fishabodi funga wavu wa chuma ili yule popo asirudi. Hapa hesabu ya kazi imekwisha kwa nyumba nyingi.

Hatua ya 6: povu la mashine chini ya bati

Hili usilifanye mwenyewe. Naandika ili ujue cha kumuuliza fundi na cha kumsimamia.

Yapo mapipa mawili ya kemikali. Moja lina isosayaneti, la pili lina polioli na viungo vingine. Yanapashwa joto, yanasafiri kwenye mipira miwili, yanakutana kwenye pua ya bunduki kwa kiasi sawa. Sekunde chache baadaye unaona kioevu kinavimba kama maandazi kwenye mafuta na kuganda. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya makuti, na mchana ilikuwa baridi kuliko nyumba zote za mtaa, kwa sababu makuti yananasa hewa tabaka kwa tabaka. Povu linafanya kazi hiyohiyo kwa vijumba vidogo sana vyenye gesi ndani.

Lipo la vijumba wazi, jepesi, linavimba kama mara 100. Kwa pwani silipendi chini ya bati, linanywa maji kama sponji. Chagua la vijumba vilivyofungwa. Hilo lina uzito wa kama kilo 32 kwa mita ya ujazo, na sentimita 5 zake zinazuia joto kuliko zege lenye unene wa mita 2. Paa la mita za mraba 150 kwa unene huo linakula kilo 240 za kemikali. Mimi huagiza 300, kwa sababu mawimbi ya bati yana eneo kubwa kuliko ramani inavyosema. Fundi akikuambia kilo 120 zinatosha, muulize anapuliza unene gani.

Saa za kazi ni chache. Alfajiri bati lina umande kwa chini, mchana limeungua. Mimi hupitisha kiganja. Kikitoka na maji, nangoja. Kwa kawaida kuanzia saa moja na nusu pamekauka, na saa nne naacha. Bati jipya lina mafuta ya kiwandani, lifutwe kwa kitambaa na sabuni kisha likauke. Pulizia kipande cha majaribio, ukingojee kipoe, jaribu kukibandua. Kikiachia chote kwa mkupuo, uso haukuwa tayari. Kikikatika huku kingine kimebaki kwenye bati, endelea.

Tabaka moja lisizidi sentimita 5, na mimi huweka mawili ya sentimita 2.5 nikingoja la kwanza lipoe. Povu linajipika lenyewe linapoganda. Wakati fulani, kwa uvivu, nilijaza kona ya kofia kwa mkupuo mmoja, zaidi ya kiganja. Juu ilikuwa safi, rangi ya krimu. Kesho yake nikaikata: katikati kahawia kama maandazi yaliyoungua, na kisu kilitoka na joto. Povu linaweza kushika moto namna hiyo, na nyumba nayo.

Lililotoka sawasawa ni gumu kidogo kwa dole gumba, lina rangi moja, na harufu yake inaisha. Linalovunjika kama biskuti, isosayaneti ilizidi. Linalonata na kubonyea, polioli ilizidi. Likiendelea kunuka kama samaki wiki mbili baadaye, mchanganyiko ulikosewa, na usikubali kuambiwa ni jirani anakausha dagaa. Likatwe, lipulizwe upya.

Watu wote, na kuku, watoke nyumbani angalau saa 24. Mpulizaji avae barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje kwa mpira, si ile ya karatasi. Isosayaneti inaweza kukupa pumu ya maisha, na haikutangulizii harufu ya kukuonya.

Povu linaungua. Kati yake na vyumba kuwe na jipsamu ya milimita 12.5, na jikoni penye kuni au mkaa usipulize kabisa. Nyumba ikishazibwa hivi, jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata siku ya mvua. Ile hewa yake yenye sumu ilikuwa inatoka nje kupitia nyufa ulizoziba.

Hatua ya 7: kurudia ukaguzi

Rudi darini usiku, taa za vyumba zikiwaka, ukae gizani kama mara ya kwanza. Mwanga uliobaki ni kazi iliyobaki. Mvua kubwa ya kwanza ikipita, panda tena na tochi. Halafu kila Septemba, utazame njia za mchwa na vinyesi vya panya.

Makopo yaliyobaki yashushe. Lebo inasema yasizidi nyuzi 50, na bati letu linapita hapo kabla ya adhuhuri. Yakae kivulini, yakiwa wima, mahali ambapo watoto hawafiki.